Sheria Kwanza, Kicheko Baadaye

Televisheni ya CBS ya Marekani ilipoanza kurusha mchezo wa kuchekesha "I Love Lucy" Oktoba 1951, waandishi wake walikuwa watatu, na mwanamke alikuwa mmoja: Madelyn Pugh wa Indianapolis, aliyetokea redioni. Husifiwa kwa kutangulia. Mimi namsifu kwa maelekezo ya vitendo, yale yasiyotamkwa na mtu. Aliyajaribu kwa mwili wake mwenyewe. Baiskeli ya gurudumu moja ilimpeleka ukutani, ikafutwa.

Tazama sehemu iitwayo "Job Switching" ya Septemba 1952. Lucy na rafiki yake Ethel wanakwenda kufanya kazi kwenye kiwanda cha chokoleti, waume zao wanabaki jikoni. Mtu wa kwetu Baraka, Kongo, asiyejua Kiingereza atacheka sana, ila asidhani kicheko hicho kimejitokea tu. Msimamizi anaanza na sheria: chokoleti moja ikipita bila kufungwa, kazi imekwisha. Mkanda unaoleta chokoleti unatembea polepole, kisha unachapuka. Chokoleti zinaingia mdomoni, kofiani, kifuani. Msimamizi anarudi, haoni kosa, anafurahi, na kwa furaha hiyo anaamuru mkanda ukimbie zaidi. Wameponzwa na ustadi wao wa kuficha. Ondoa kurudi huko, utabaki na wanawake wawili wanaokula peremende.

Jikoni, Ricky, mume wa Lucy, anapima mchele karibu nusu kilo kwa kila mlaji. Mama yeyote wa kwetu Mushimbakye ameshaona balaa kabla maji hayajachemka, na waandishi walitaka hivyo hasa: mtazamaji ajue mapema, mhusika achelewe.

Vijana wetu wa Fizi na Baraka wanaorekodi michezo kwa simu huharakisha kuanguka. Mtu anateleza kabla hatujajua akianguka atapoteza nini.

Mwisho wa "Job Switching", hata hivyo, haunishibishi. Waume wanakiri wameshindwa, wanawapa wake zao masanduku ya chokoleti, kila mmoja anarudi kwenye kazi yake ya zamani. Utani ni mzuri, lakini zawadi inafunga swali ambalo mchele na mkanda vilikuwa vimelifungua. Mwaka 1962, katika "The Lucy Show", Pugh na wenzake waliwaweka nyumba moja mjane na mwanamke aliyeachika, pamoja na watoto wao. Vituko ni vilevile, ila hakuna tena mume wa kuja na sanduku yaishe.