Pale Mvua Inapoliachia Paa

Machi na Aprili, mawingu yakijazana kati ya Milima ya Livingstone na Ziwa Nyasa, mvua ya Kyela hunyesha usiku kucha. Kwa mwaka hupita milimita 2,000. Maji huteleza juu ya bati kwa kishindo, lakini tone la mwisho halina haraka: hujishikiza ukingoni, likalowesha ubao kabla ya kudondoka. Ubao huo mafundi wetu huuita fisha bodi. Ndio unaoziba vichwa vya kenchi na kubeba gata, na hapo ndipo nyumba nyingi huanza kuoza.

Nilimtazama fundi mzee, upande wa Ipinda, akiuguza ubao wa namna hiyo. Hakuanza na msumeno. Alipanda ngazi na bisibisi, akawa anagonga, anasikiliza, anachoma. Rangi ilikuwa bado nyeupe, ila bisibisi ilizama kama kwenye muhogo uliochemka. Akaendelea kuchoma hadi chuma kilipogoma, akaongeza shubiri mbili, ndipo akachora mstari.

"Uozo una mizizi, mwanangu," aliniambia. "Ukikata pale unapouona tu, umeuacha."

Kisha akatafuta njia ya maji. Kuvu inayoozesha mbao haiishi bila unyevu. Ubao ukibaki chini ya asilimia 20, haina pa kuanzia. Asiyejua hilo hubadilisha ubao kila baada ya masika chache na kulaumu mbao. Mzee aliona bati limekatwa sawasawa na ubao, maji yakajikunja na kurudi nyuma yake. Akaona gata limejaa majani ya mwembe. Bati akalitokeza nje, gata akalisafisha na kulilaza upya, lielekee kwenye bomba.

Kiraka kilikuwa cha paina yenye dawa. Alikikata mshazari ili maungio yasikinge maji, halafu akapaka dawa tena pale msumeno ulipopita, maana mara nyingi dawa ya kiwandani haifiki kwenye moyo wa mbao, na kichwa cha ubao hunywa maji kuliko ubavu wake. Kazi hii hufanywa mahali ambapo rangi itaificha. Mwenye nyumba hataiona kamwe. Ndiyo maana naiheshimu.

Joseph Thomson, Mskoti aliyefika kaskazini mwa ziwa hili mwaka 1879, alizisifu sana nyumba za Wanyakyusa kwa unadhifu wake. Zilikuwa za mianzi, zimeezekwa nyasi, na upenu wake uliyatupa maji nje ya kuta. Hazikuwa na fisha bodi, lakini wajenzi wake walijua jambo lilelile alilolijua mzee wangu: mvua haishindwi kwa ubishi, huonyeshwa mlango wa kutokea. Tulipohamia kwenye bati tulipata paa la kudumu, tukafupisha upenu, na somo likabaki mikononi mwa mafundi wachache.

Siku ya tatu mvua ilirudi. Mzee alikuja, akajibanza chini ya mwembe, wala hakuutazama ubao wake. Alitazama chini, kwenye mchirizi. Matone yalikuwa yakichimba vishimo mchangani, kimoja baada ya kingine, mstari ulionyooka, hatua nzima kutoka ukutani. Akatikisa kichwa kuridhia, akaondoka.