Humu Kuna Watu

Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, yupo fundi simu ambaye mimi hupenda kukaa pembeni na kumtazama akiflashi, yaani akiiandikia simu programu upya. Simu ikija imekwama kwenye nembo, haanzi kwa kufuta. Anaizima, anabana kitufe cha sauti, anachomeka waya wa USB. Simu yenye chipu ya MediaTek ikichomekwa imezimwa huibishia hodi kompyuta kwa kitambo kidogo tu, isipoitikiwa huanza kuchaji. Kitambo hicho hakimpiti.

Kabla hajaandika chochote, husoma. Hufungua orodha ya patisheni, akaondoa tiki mojamoja mpaka ibaki ile iliyoharibika. Kisha huivuta patisheni ya nvram kwenye laptopu, na faili akaipa jina la mwenye simu na tarehe. Humo ndimo zinamokaa IMEI na vipimo vya redio ambavyo kiwandani simu ile ilipimiwa peke yake. Ukivipoteza, faili ya kupakua mtandaoni haikurudishii. Userdata, penye picha na ujumbe wa mwenye simu, haigusi kabisa. “Humu kuna watu,” aliniambia siku moja, bila kuinua macho.

Kumbukumbu ya simu iligawanywa ili chumba kimoja kitengenezwe bila kubomoa nyumba. Zana ya Fastboot, iliyokuwapo tangu HTC Dream ya mwaka 2008, huiandika patisheni kwa jina lake, moja baada ya nyingine. Leo wengi wanabonyeza futa zote. Mviringo wa kijani unatokea, mteja analipa, anafika nyumbani laini haisomi, na *#06# inaleta namba batili. Na tangu TCRA, mamlaka ya mawasiliano, izime simu bandia Juni 2016, nani Tanzania asiyejua uzito wa namba ile?

Simu ya mama ilipita mikono ya namna hiyo, kwenye kibanda karibu na kwetu. Iliyoharibika ilikuwa patisheni ya boot peke yake. Ndani mlikuwa na ujumbe wa sauti wa marehemu baba, akiuliza kama mchele umefika. Simu ilirudi nyepesi, inawaka upesi kama mpya. Mama aliibonyezabonyeza, akaiweka mezani kifudifudi.

Juzi nilimkuta fundi wangu amempisha kijana wake kwenye kiti, macho yamechoka. Laptopu ni ileile, bawaba imeshikwa na gundi, na folda ya majina imo, miaka mingi ya majina. Kijana alikuwa anamuuliza kama aifute, nafasi ipatikane.