Vidole Viwili

Tetea amefungwa ndani ya kanga kuukuu, kichwa kimefunikwa, miguu imebanwa kati ya vidole vya shangazi. Ni saa kumi na moja alfajiri. Kelele za bandani zilituamsha sote, ila aliyefika kwanza ni yeye, tochi mkononi, akamkuta chini ya fito za kulalia, bawa la kushoto limelegea, manyoya yametapakaa sakafuni. Mwizi alikwishatoroka. Ilibaki harufu yake tu, kali, ya kukwaruza pua. "Kicheche," alisema shangazi, akainama kumwokota kuku wake.

Hapa mkoani Singida kuku wa kienyeji ni akiba ya nyumba. Matenga yao hupanda mabasi hadi Dar es Salaam, na ada ya mtoto mara nyingi hutoka bandani. Huyu kibwenzi, mwenye kishungi cha manyoya utosini, ana thamani ya ziada: amelalia mara tatu na kuangua karibu mayai yote. Shangazi hayasemi hayo. Anaagiza maji.

Maji yamechemshwa na kuachwa hadi yakawa vuguvugu, kisha yakatiwa chumvi, vijiko viwili vya chai visivyojaa kwa lita moja. Juu ya sinia kuna mkasi, bomba la sindano lililotolewa sindano yake, kitambaa kilichochemshwa, kichupa cha asali, na ile dawa ya zambarau ya vidonda tunayoiita jivii. Vyote vimepangwa kabla kuku hajafunuliwa, maana kazi ikishaanza hakuna mkono utakaobaki mtupu.

"Mshike, mwanangu. Mabawa, si kifua."

Kuku hana kiwambo cha kumsaidia kupumua kama sisi. Huvuta hewa kwa kukisogeza kidari mbele na nyuma, na mtu anayemkumbatia kwa huruma nyingi anaweza kumuua mikononi. Shangazi anaweka viganja vyangu ubavuni, juu ya mabawa yaliyokunjwa, anaviachia nafasi kidogo, anavitazama tena. Mikono yake mwenyewe haihitaji kufikiri. Kila baada ya miezi 3 huwashika kuku wake wote mmoja mmoja kwa chanjo ya kideri, tone moja jichoni, na hakuna anayepiga kelele zaidi ya mara moja.

Kisha anakaa kimya na kumtazama tu. Kilemba kimepauka kidogo. Damu imepotea, lakini si nyingi. Bawa analinyoosha polepole, akipapasa mfupa kutoka begani hadi ncha, halafu analinganisha na lile la kulia. Halijavunjika. Chini yake ngozi imechanika urefu wa kidole changu cha shahada, na kwenye paja kuna vitundu vinne vidogo ambavyo mimi nisingeviona. Hivyo ndivyo vinavyomkunja uso. Mchaniko unatisha kwa macho, ila uko wazi na unaoshika. Tundu la jino huingiza uchafu ndani na kujifunga juu yake.

Anachovya mkasi majini na kukata manyoya kuzunguka kidonda. Maji hayo yana kazi yake: unyoya uliokatwa hunata kwenye chuma badala ya kuangukia kwenye nyama. Hang'oi hata mmoja. Ngozi ya kuku ni nyembamba mno, na kunyonyoa pembeni ya mchaniko ni kuurefusha. Anakata, anafuta mkasi kwenye kitambaa, anachovya, anakata. Nimehesabu hadi arobaini nikaacha.

Kuosha kunachukua muda mrefu kuliko yote. Anavuta maji ya chumvi kwa bomba na kuyasukuma kwa mkato, yaingie upande wa juu wa kidonda na kutokea chini. Maji yanatoka na chembe za udongo, kipande cha pumba, unyoya mmoja uliokuwa umejificha. Bomba la tano, la sita. Maji sasa ni safi, na bado anaosha. Kila kitundu cha paja kinapata bomba lake, na hakuna kinachozibwa. Asali anaipaka ndani ya mchaniko kwa ncha ya kitambaa, tabaka jembamba. Jivii inazunguka ukingo wa nje tu, na hapo ndipo nilipoelewa matumizi yake ya pili: inaficha wekundu. Kuku wakiona damu hudonoa, na hudonoa mpaka wamalize.

Mgonjwa analazwa ndani ya tenga lililotandikwa gunia na kufunikwa kipande cha chandarua, kwa sababu nzi akitaga kwenye kidonda asubuhi, kesho yake una funza. Tenga liko mezani, na miguu ya meza imesimama ndani ya makopo ya maji, maana asali huita sisimizi. Maji ya kunywa yana sukari na chembe ya chumvi. Hamnyweshi kwa nguvu. Tundu la hewa la kuku liko nyuma tu ya ulimi. Anagusisha tone ubavuni mwa mdomo, anangoja alimeze mwenyewe, anagusisha jingine.

Kumekucha. Nilidhani tungekunywa chai. Yeye alichukua jembe dogo akazunguka banda.

Banda lake ni la fito na udongo, paa la bati, na madirisha ya wavu. Anatembea kwa magoti, na kila penye ufa anajaribu kupenyeza vidole viwili. Hicho ndicho kipimo chake: vidole viwili vikipita, panya anapita, nyoka anapita, na kwa kicheche ni mwanzo mzuri wa kuchimba. Nyuma, ambako mvua imekula udongo wa chini, vidole vitatu vilizama bila kugusa kitu. Udongo wa hapo ulikuwa laini, umesuguliwa na tumbo la mnyama. Hakuja usiku huu tu. Alikuwa amepima siku nyingi.

Ningeziba tundu. Shangazi alichimba mtaro kwenye ukuta wote wa nyuma, kina cha futi moja. Akatandaza wavu mzito wa matundu madogo, nusu ukiegemea ukuta chini ya ardhi, nusu umekunjwa kuelekea nje kama mguu wa meza uliolala. Mnyama anayechimba huanzia pale ukuta unapokutana na ardhi. Akikuta waya huhangaika papo hapo, wala hawazi kurudi nyuma hatua mbili. Ule wavu mwepesi wa matundu makubwa, unaouzwa kwa jina la wavu wa kuku, humzuia kuku kutoka. Kicheche huusukuma. Juu ya wavu wake mzito shangazi akapanga mawe, akashindilia, akafunika kwa udongo uliokandwa na mchanga na samadi. Jua lilikuwa utosini alipomaliza, na vifaranga walikuwa bado wakilalamika ndani ya tenga lao, walikofungiwa kwa sababu mwewe alikuwa akizunguka juu ya mibuyu.

Siku zilizofuata zilifanana, asubuhi na jioni: kufunua, kunusa, kuosha, asali. Kinyesi alikisoma kila mara. Siku mbili za kwanza kilikuwa maji ya kijani, dalili kwamba tumbo halina kitu, siku ya tatu kikaanza kushikana. Siku ya nne kitundu kimoja cha paja kilivimba. Usaha wa kuku haumiminiki kama wetu. Huganda kama kiini cha yai la kuchemsha. Alikilainisha kitundu kwa kitambaa cha moto, akautoa usaha punje kwa punje kwa ncha ya kijiti kilichochemshwa, na kazi hiyo ilimaliza saa nzima. Siku ya kumi vishina vya manyoya mapya vilichungulia kando ya kovu.

Wakati wote huo, kila mchana, tenga lilihamishiwa uani mbele ya kuku wengine, chini ya macho ya shangazi. Kuku aliyepotea machoni mwa wenzake hurudi kama mgeni, na mgeni hupigwa. Hata siku ya kumrudisha alisubiri giza, akamweka juu ya fito katikati ya matetea wawili wazee, wakiwa wamesinzia. Mmoja alisogea kidogo. Basi.

Halafu akanikabidhi tochi, akaniambia nichuchumae ndani, niiwashe nikiielekeza chini, nisiwamulike kuku. Akafunga mlango kwa komeo. Nilisikia kandambili zake zikizunguka polepole nje, zikisimama, zikiendelea, akitafuta mahali mwanga unapovuja. Nyuma hakusimama kabisa. Alisimama karibu na kizingiti, na ncha ya kidole chake ikaingia ndani kando ya goti langu.

"Hapa," alisema. "Toka ulete udongo."