Je, Yafaa Kuamuru Ndoto?

Huku kwetu Kibumba usiku una baridi kali, na mtu akiisha kujifunika blanketi zake, ndoto humjia bila kuitwa. Asubuhi, tukienda shambani kwenye viazi na kabichi, twasimuliana njiani: huyu ameota maji mengi, yule ameota marehemu baba yake, mwingine hasemi neno, maana aliyoyaota hayasemeki. Ndivyo tulivyozoea tangu utoto. Ndoto ni mgeni asiyeulizwa atakuja lini.

Lakini wako vijana wanaosema kwamba mgeni huyu aweza kuamriwa. Wanasema mtu akijifunza vizuri, ataota huku anajua kwamba anaota. Na akiisha kujua, ataiongoza ndoto yake kama kijana anavyoongoza chukudu chake kwenye mteremko wa kwenda Goma. Akitaka kuruka kama ndege, ataruka. Akitaka kumwona aliyekufa, atamwona. Kijana mmoja alinijia baada ya mafundisho akaniuliza: «Mwalimu, je, jambo hili ni la kweli? Na kama ni la kweli, je, ni jema?» Maswali hayo ni mawili, yasichanganywe. Ili nimjibu sawasawa, nilisoma kitabu cha mtu aliyeifanya kazi hiyo kwa bidii kupita wengi, nami leo nataka kukipima mbele yenu.

Kitabu chenyewe ni cha Kifaransa, nacho chaitwa Les rêves et les moyens de les diriger, yaani «Ndoto na njia za kuziongoza». Kilichapishwa Paris mwaka 1867 bila jina la mwandishi. Aliyekiandika ni Hervey de Saint-Denys, mtu wa ukoo mkubwa na mtaalamu wa Kichina, ambaye mwaka 1874 alipewa kiti cha kufundisha lugha hiyo katika Collège de France. Alianza kuandika ndoto zake akiwa bado kijana mdogo, tena alizichora kwa rangi. Madaftari yake yalifika 22, yenye ndoto za usiku 1,946. Mara ya kwanza alipojua ndani ya ndoto kwamba anaota, alikuwa amekwisha kuandika zaidi ya usiku mia mbili. Baada ya mwaka na miezi kadhaa jambo hilo likawa la karibu kila usiku.

Yatupasa kumsifu kwa haki. Hervey si mganga wa sokoni anayeuza dawa asiyoijua. Alifanya kazi kwa saburi, na alipojaribu jambo alieleza namna alivyolijaribu. Kwa mfano, alipokwenda kukaa katika nchi ya milima iitwayo Vivarais, alichukua manukato asiyoyatumia mahali pengine, akayatia katika kitambaa chake siku zote alizokaa huko. Aliporudi nyumbani aliyafungia. Baada ya miezi kadhaa akamwagiza mtumishi wake ayadondoshe kwenye mto usiku mmoja, bila kumwambia ni usiku gani. Na usiku huo Hervey aliota milima ile ile. Hapo twaona kwamba ndoto yachukua vitu vyake ghalani mwetu wenyewe, nayo pua yaweza kufungua mlango wa ghala.

Sehemu iliyonigusa kuliko zote ni ile ya ndoto mbaya. Hervey asema alikuwa akifukuzwa na mazimwi, akikimbia kutoka chumba hata chumba, asiweze kufunga milango nyuma yake, mpaka aamke jasho likimtoka. Usiku mmoja alitambua kwamba ni ndoto. Hakukimbia tena. Aliegemea ukuta, akakaza macho, akamtazama yule zimwi aliyekuwa mbele. Ndipo zimwi akaanza kupoteza kucha na meno, akawa kama vazi bovu la sikukuu lililotundikwa.

Ndugu msomaji, ukurasa huo hausomwi Kibumba kama unavyosomwa Paris. Mwezi wa Julai 1994 kijiji chetu kilijaa wakimbizi kutoka Rwanda, na kipindupindu kikaua watu hata wazikaji wakachoka. Oktoba 1996 kambi ile ilivunjwa kwa silaha. Januari 2002, na tena Mei 2021, Nyiragongo ulitapika moto. Mwisho wa mwaka 2022 vita vilifika hapa hapa, na wengi wetu tukalala Kanyaruchinya chini ya turubai. Basi wako watu kati yetu ambao kila usiku wanakimbia tena. Mtu akiwaambia kwamba yawezekana kusimama ndani ya ndoto na kumtazama anayekufukuza, asichekwe. Hata madaktari wa siku hizi wamejaribu njia hiyo kwa wagonjwa wa ndoto mbaya, na wengine wamepata nafuu.

Kwa hiyo swali la kwanza la kijana nalijibu: ndiyo, jambo ni la kweli. Mwaka 1975 huko Uingereza Keith Hearne alimpima mtu aliyekuwa usingizini, naye akampa ishara waliyopatana kwa kuyageuza macho kushoto na kulia ndani ya ndoto. Stephen LaBerge alifanya vivyo hivyo Marekani miaka michache baadaye. Tena wahenga wa Kanisa walilijua zamani. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, aliandika kwamba mtu aliyelala aweza mara nyingine kutambua kwamba anayoyaona ni ndoto. Lakini aliongeza neno ambalo Hervey hakulitilia uzito wa kutosha: akili ya mwenye usingizi haijafunguliwa yote, hata afikiriye vizuri usingizini, akiamka huona kwamba alikosea mahali fulani.

Hapo ndipo lawama yangu ya kwanza. Hervey adhani kwamba anayejua kuwa anaota amekuwa bwana wa nyumba. Lakini kitabu chake mwenyewe chaonyesha vingine. Siku moja alitaka kujua kama mtu aweza kuota mauti yake, akajitupa kutoka juu sana. Mara akajiona amesimama kati ya watu wakitazama maiti ya mtu aliyeanguka mnarani. Ndoto ilikuwa imemhamisha bila kumwomba ruhusa. Huyo bwana wa nyumba, basi, alikuwa na vyumba asivyokuwa na ufunguo wake.

Lawama ya pili ni ya usingizi wenyewe. Hervey alikuwa tajiri, mwenye mtumishi wa kumdondoshea manukato. Aliweza kulala asubuhi kadiri alivyotaka. Sisi tunaamka mapema kutafuta maji. Njia mojawapo inayofundishwa sana leo ni kujiamsha baada ya saa tano hivi za usingizi, kukaa macho kidogo, kisha kulala tena ukikusudia kujua utakapoota. Sikutaka kuhukumu bila kuonja, nikajaribu kwa majuma matatu. Usiku mmoja tu nilijua kwamba naota: nilikuwa katika uwanja wa shule, na watoto wote walikuwa na uso mmoja. Nikafurahi mno, na furaha ikaniamsha palepale. Kwa faida hiyo moja nililipa hasara nyingi. Nilipiga miayo mbele ya wanafunzi, nikawakaripia bila sababu. Tena usiku mwingine jinamizi lilinikaba: macho yamefunguka, mwili haukubali kuondoka, na kama mtu amesimama mlangoni. Wataalamu waeleza kwamba wakati wa ndoto misuli hulegezwa ili tusiyatende tunayoyaota. Akili ikiamka kabla ya mwili, ndilo jinamizi. Hakuna pepo hapo. Lakini mtu aliyekwisha kuona silaha mlangoni pake, je, tumwongezee usiku wa namna hiyo? Na yule ambaye akili yake imeanza kuchanganya mambo, asiyejua tena lipi ameliona na lipi ameliwaza, huyo asifundishwe kabisa kuchezea mpaka huo.

Lawama ya tatu ndiyo kubwa. Mama mmoja wa huku, ambaye simtaji jina, alimpoteza mtoto wake katika mbio za vita. Aliposikia vijana wakizungumza, alinijia akasema: «Mwalimu, nifundishe mimi. Nimwone kila usiku.» Sikuwa na jibu siku ile. Nikarudi kwenye kitabu nikitafuta jibu, nikalipata pasipo mwandishi kukusudia. Hervey afundisha kwamba watu tunaowaona katika ndoto ni picha zilizowekwa akilini, kama mpiga picha anavyoweka picha zake sandukuni. Haya, kama ni hivyo, yule mtoto atakayeitwa kila usiku ni nani? Ni picha ya mama mwenyewe. Hatakua. Akiamriwa kuja, atakuja; akiamriwa kucheka, atacheka. Mama atakuwa anazungumza na ukumbusho wake, na kila asubuhi atamzika mtoto upya. Hervey, mwenye kupima kila kitu, hakuuliza ni nini kinachompata mtu anayezoea kuishi kati ya watu wasioweza kumkatalia. Mumeo hukukatalia, jirani hukukatalia, mtoto hukukatalia. Ndiyo maana unajua kwamba wapo.

Hebu tulinganishe na habari nyingine ya zamani zaidi. Mtakatifu Augustino, mapema katika karne ya tano, alimwandikia Askofu Evodius juu ya Gennadius, mganga wa Kartago, mtu mwenye huruma kwa maskini lakini aliyekuwa na shaka kama kuna uhai baada ya kufa. Gennadius aliota kijana mwenye sura nzuri akimwonyesha mji uliojaa nyimbo tamu. Alipoamka alisema ni ndoto tu. Usiku mwingine kijana yule akarudi, akamwuliza walionana wapi. Gennadius akajibu kwamba ni usingizini. Kijana akamwambia kwamba hata sasa yumo usingizini. Kisha akamwuliza mwili wake uko wapi. Kitandani, akajibu. Na macho yake je? Yamefumba. Basi anamwona kwa macho gani? Gennadius akanyamaza. Ndipo kijana akamfundisha kwamba, kama anavyoona sasa na macho ya mwili yamepumzika, vivyo hivyo ataishi mwili utakapokufa.

Wote wawili, Gennadius na Hervey, walijua kwamba wanaota. Lakini Gennadius hakuamuru kitu. Aliulizwa, akakosa jibu, akajifunza. Hervey aliamuru, na mara nyingi alipata alichoagiza. Mimi naona kwamba anayeulizwa amepata zaidi.

Tena mtu asidhani kwamba hatari ipo kwa wasomi wa Ulaya tu. Tunao mfano katika nchi yetu, tena kwa Kiswahili. Katika miaka ya 1950 huko Kolwezi, Padre Placide Tempels, Mfransisko, alianzisha Jamaa, ambamo waume na wake walitafuta kukutana kwa upendo. Johannes Fabian, aliyechunguza Jamaa na kuandika mwaka 1966 juu ya ndoto zao, alionyesha jinsi ndoto zilivyohesabiwa kati ya mawazo yanayompata mtu, zikasimuliwa kwa wakubwa na kupewa maana. Katika Jamaa mlikuwa na mema mengi, wala sitaki kuyafuta. Lakini nasoma hapo onyo: ndoto ikiisha kungojewa kama cheti, mtu ataota kile ambacho wakubwa wake wanataka kukisikia, na asipoota atabuni. Ndoto iliyoamriwa na kundi si huru kuliko iliyoamriwa na mwenyewe.

Je, tuwaache wanaokimbia kila usiku? Hasha. Kitu chema cha Hervey chaweza kuchukuliwa bila kuiba usingizi. Daktari Barry Krakow na wenzake Marekani walitangaza mwaka 2001 kazi waliyoifanya na wanawake waliodhulumiwa kwa kubakwa. Mchana, wakiwa macho kabisa, wanawake hao walichagua ndoto mbaya, wakaibadili watakavyo, kisha wakairudia ile mpya moyoni kila siku. Ndoto mbaya zikapungua. Hapa hakuna kujiamsha usiku, wala kuita wafu. Mtu akaa na mwenzake anayemwamini, amsimulia, na pamoja watafuta mlango ambao ndoto haikuuona. Mwenye mateso makubwa aende kwa mganga wa hospitali, asione haya.

Hukumu yangu juu ya kitabu, basi, ni hii. Kisomwe na wajuao Kifaransa, kwa maana kimejaa ukweli na mwandishi wake hakudanganya. Ukurasa wa mazimwi wausome mara mbili. Lakini wasimfuate Hervey mpaka kwenye kiti cha enzi alichojitengenezea usiku, maana mtaka yote hukosa yote.

Na yule mama? Nilimwambia kwamba mtoto akija mwenyewe ndotoni, ampokee kwa furaha, asipokuja, asimfukuzie. Kisha nikamwomba aniambie habari zake mchana ule, tuliposimama kando ya shamba la karoti. Alinieleza jinsi alivyokuwa akitambaa, neno lake la kwanza, na wimbo alioupenda. Mengine alikuwa hajamwambia mtu. Mwezi wa Novemba tuliposali kwa ajili ya marehemu, jina la mtoto lilisomwa kwa sauti mbele ya watu wote, na majirani wakaitikia. Hakuniomba tena nimfundishe kuota.