Vipande vya Msimbo na Makosa ya Wanakili

Mwenye kusoma miswada ya zamani ya tenzi ajua kwamba mnakili huihifadhi kazi, na pamoja nayo huyahifadhi makosa ya aliyemtangulia. Jambo hili lafaa kukumbukwa katika maandishi ya namna nyingine, nayo ni vipande vifupi vya msimbo na mashauri ya seva, ambavyo watengenezaji wa tovuti huviokota na kuvinakili. Vipande hivyo husifiwa kwa kuwa vyafanya kazi. Sifa hiyo haitoshi.

Mfano wa kwanza ni wa tahajia. Katika itifaki ya HTTP 1.0, iliyochapishwa Mei 1996, mna neno liiambialo seva ni kutoka ukurasa gani msomaji amefika. Neno hilo laandikwa Referer, ingawa Kiingereza chataka r mbili katikati: referrer. Maelezo ya itifaki ya mwaka 1999 yalikiri kosa hilo, walakini hayakulisahihisha, maana lilikwisha kuenea katika programu. Baadaye lilipotungwa neno jingine, Referrer-Policy, tahajia sahihi ilirudi. Basi mwandishi hana budi kukosea mahali pamoja na kupatia mahali pa pili. Naye akichanganya, kivinjari hakimkanyi, humpuuza tu.

Mfano wa pili una hatari zaidi. Aliyekataliwa kuandika katika faili ya seva ya Linux mara nyingi hupewa shauri fupi: chmod 777. Tarakimu hizo ni sentensi kamili. Ya kwanza yamhusu mwenye faili, ya pili kundi lake, ya tatu watumiaji wengine wote. Na 7 ni jumla ya 4 ya kusoma, 2 ya kuandika na 1 ya kutekeleza. Maana yake ni kwamba kila mtumiaji wa mashine ile aweza kuibadili faili hiyo. Taabu imeondoka, na mlango umeachwa wazi. Kwa faili nyingi 644 ingetosha, lakini yataka kwanza kujua faili ni ya nani.

Kadhalika kipande kisicho na tarehe hupoteza. Amri mysql_query iliondolewa katika PHP 7.0 mwaka 2015. Anayeinakili katika seva mpya apata kosa tupu, wala kipande chenyewe hakimwambii kwa nini.

Si haki kuvilaumu vipande vyote. Mwanafunzi huanza kwa kunakili, na ufupi ni hisani kwa mwenye haraka. Lakini kipande chema hutaja toleo lake, tarehe yake na sababu ya kila tarakimu.

Hapo ndipo penye kazi ya mwandishi wa Kiswahili. Amri za kompyuta hazitafsiriki: chmod itabaki chmod. Kinachotafsirika ni sababu. Mwenye kuleta mashauri haya kwa Kiswahili akaiacha sababu, hakutafsiri kitu. Amekuwa mnakili mmoja zaidi.