Picha Inayokosekana

Watu wamepanga mstari barabarani wakitazama gwaride la siku ya watoto. Macho yote yako mbele, isipokuwa ya binti mmoja wa miaka 16, aliyegeuza shingo upande. Ni mwaka 1966, mjini Hedestad, mji ambao hutauona kwenye ramani ya Uswidi kwa sababu ulizaliwa kichwani mwa mwandishi wa riwaya Stieg Larsson. Siku hiyohiyo, daraja la kisiwani kwao likiwa limezibwa na ajali, binti huyo, Harriet Vanger, anatoweka.

Filamu iliyotokana na riwaya yake iliongozwa na Mdenishi, Niels Arden Oplev, ikatoka mwaka 2009. Kwa Kiswidi jina lake ni “Wanaume Wanaochukia Wanawake”. Huko nje ikabatizwa jina la msichana mwenye tatuu ya joka, jina la kuvutia wanunuzi, ila lile la kwanza ndilo lenye ukweli. Wengi humsifu Noomi Rapace kwa namna alivyomwigiza msichana huyo, Lisbeth Salander, nami sibishani nao. Lakini kinachonirudisha kwenye filamu hii ni onyesho lisilo na bunduki wala mbio: mwanamume na kompyuta yake.

Mwandishi wa habari Mikael Blomkvist, aliyeigizwa na Michael Nyqvist, anachunguza kutoweka kwa Harriet, naye anapata picha za gwaride lile zilizokuwa zimetunzwa na gazeti la mji. Anazipanga kwa mfuatano zilivyopigwa, kisha anazipitisha moja baada ya nyingine. Binti aliyeganda kwa miaka arobaini anageuka.

Sinema ya kawaida hupitisha picha 24 kwa sekunde, nasi hatuoni maungio. Hapa picha ni chache, maungio yako wazi kabisa, na bado moyo unashtuka. Mhariri wa filamu alilazimika kuamua kila moja ikae kwa muda gani. Zingekimbia, zingekuwa katuni. Zingekawia, tungebaki tunafunua albamu ya harusi ya watu tusiowajua.

Warusi waliliona jambo hili mapema. Inasimuliwa kwamba Lev Kuleshov aliunganisha uso uleule wa mwigizaji na bakuli la supu, kisha na jeneza, na watazamaji wakaapa kwamba mtu yule ameonyesha njaa, halafu majonzi. Maana haikuwamo usoni; ilikuwa kwenye kiungo. Ndiyo maana nasema Blomkvist katika onyesho lile si mpelelezi, ni mhariri. Anao uso wenye hofu. Anachokosa ni picha inayofuata: Harriet aliona nini ng'ambo ya barabara? Kesi nzima imekwama kwenye kiungo kimoja, na kwa bahati katika umati ule kuna mtu mwingine aliyeshika kamera.

Ni hadithi ya Kiswidi hasa, hii ya mwovu kuvuliwa nguo na makabati ya nyaraka. Nchi ile ilitunga sheria ya kumruhusu raia kusoma nyaraka za serikali mwaka 1766, miaka 200 kamili kabla ya Harriet kupotea. Kwingineko negativu za picha zile zingekwisha kuliwa na mchwa.

Mwaka 2011 David Fincher aliitengeneza upya kwa Kiingereza, na wahariri wake, Kirk Baxter na Angus Wall, wakapata Oscar. Walistahili, mikato yao ni ya wembe. Mimi nabaki na ya Oplev, inayoniacha nitazame hadi nichoke, kama Blomkvist mwenyewe anavyochoka.

Na picha ya pili inapopatikana, haiko wazi. Kuna mtu upande wa pili wa barabara, ila sura yake ni ukungu mtupu. Mara ya kwanza nilipofika hapo nilisimamisha filamu, nikainuka kitini, nikaisogelea televisheni hadi pumzi yangu ikaacha umande kwenye kioo.