Nguruwe, Sumu na Upinde Mwepesi: Uwindaji wa Nyanda za Ishiara

Ukimweleza mtu kwamba nguruwe pori aliangushwa kwa upinde, atauliza kwanza upinde huo ulikuwa mzito kiasi gani. Kwa wawindaji wa zamani wa Mbeere, Kenya, kuanzia Ishiara kuteremka hadi kingo za Tana, hilo lilikuwa swali dogo. Upinde ulifikisha mshale tu. Iliyoua ni sumu, na iliyompata mnyama ni miguu ya mwindaji.

Tuulinganishe mtindo huo na wa Marekani, ambako watu huwinda nguruwe kwa upinde kwenye ardhi ya umma. Mmarekani hubeba upinde wa kapi na kigumba kipana chenye makali kama wembe. Mnyama wake hufa kwa kuvuja damu, hivyo kigumba lazima kipite moyoni au mapafuni. Kikigota kwenye mfupa wa bega, nguruwe amekwenda na jeraha lake. Wambeere, kama Watharaka na Wakamba wa ng'ambo ya mto, walipiga hesabu nyingine kabisa: mshale ukizama kwenye nyama yoyote inayopitisha damu, unatosha.

Sumu hiyo ilichemshwa kutoka msunguti, mti wa nchi kavu, mpaka ikawa nzito na nyeusi mithili ya lami. Kiini chake ni ouabaini, kemikali iliyotengwa na Mfaransa Léon-Albert Arnaud mwaka 1888. Ikiingia kwenye damu, huziba njia ambayo seli za moyo hutumia kutoa sodiamu na kuingiza potasiamu. Kalsiamu hurundikana ndani, mapigo yakavurugika, moyo ukasimama. Kwa njia ya tumbo sumu hiyo hainyonywi kwa wingi, ndiyo maana walikata nyama ya pembeni mwa jeraha wakaitupa, iliyobaki ikaliwa. Binadamu si peke yake aliyeigundua. Kuna panya mkubwa wa Afrika Mashariki mwenye kishungi mgongoni ambaye hutafuna gome la mti huo na kujipaka mate yake kwenye manyoya ya ubavuni. Mbwa akimng'ata anaweza kufa. Wanasayansi waliandika habari zake mwaka 2011.

Ufundi uliobaki ulikuwa kwenye mshale wenyewe, na hapa ndipo ninapowavulia kofia wahunzi na wachongaji wale. Kigumba cha chuma kilikazwa kwenye kijiti kifupi, na sumu ikapakwa kwenye kijiti, nyuma ya kigumba. Kijiti hicho kilichomekwa tu kwenye ncha ya wano, yaani mti wa mshale, bila kufungwa. Nguruwe alipotimka vichakani wano lilikwama na kuchomoka, lakini kijiti na sumu yake vilibaki mwilini. Mpaka saa ya kupiga, sehemu yenye sumu ilizungushiwa ngozi nyembamba, maana ikikauka hufifia, na mwenye podo akijikwaruza nayo hana dawa.

Kwa silaha ya namna hiyo, upinde wa kadiri ulifaa. Wawata wa upande wa Tsavo, waliowinda tembo, inasimuliwa walivuta pinde za zaidi ya kilo 45. Ngozi ya tembo iliwalazimisha. Ya nguruwe haikudai hivyo.

Kilichodai zaidi ni kumkaribia. Ngiri hutembea mchana na hulala shimoni, mara nyingi lililochimbwa na mhanga, akiingia kinyumenyume ili pembe zake zielekee mlangoni. Nguruwe pori ni wa usiku. Mchana hujificha kwenye vichaka vizito vya mabonde, kama ya mito ya Thuchi na Ena, na giza likiingia huvamia mihogo na mahindi. Macho yake si makali, lakini pua yake haina mpinzani. Kwa hiyo jambo la kwanza kusomwa lilikuwa upepo, ndipo njia aliyoizoea, ndipo mahali pa kujibanza. Kiangazi kilirahisisha mambo kwa sababu mabwawa ya maji yalibaki machache. Wahadza wa Ziwa Eyasi, Tanzania, huwavizia wanyama hivyohivyo hadi leo: usiku, kando ya maji, kwa mishale ya sumu.

Halafu subira. Nguruwe aliyepigwa akifukuzwa papo hapo hukimbia mbali zaidi, kwa hiyo anaachwa. Mafuta yake huziba jeraha na damu hudondoka kidogo, hivyo mfuatiliaji anategemea nyayo, majani yaliyolala na wano lililoanguka.

Pori walimowinda lilikuwa mali ya koo. Upimaji wa ardhi, ulioshika kasi Mbeere miaka ya 1970, ulilikata kuwa mashamba ya watu binafsi. Sehemu za umma zilizobaki ni kama Mlima Kiang'ombe na Hifadhi ya Taifa ya Mwea, iliyoanzishwa mwaka 1976. Mei 1977 Kenya ikapiga marufuku uwindaji, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inamhesabu kuwa mkosaji hata anayewinda kwa ajili ya chakula. Mkulima wa Ishiara amebaki na mbwa, moto na debe la kupiga usiku kucha.

Marufuku hiyo, kwa maoni yangu, ilimlenga mwenye bunduki na biashara ya pembe, ikamkumba na mlinzi wa mihogo. Hata hivyo siwezi kuitetea sumu. Kijiti kimoja kilichopotea njiani kinaweza kuua ng'ombe au mtoto. Siku sheria ikilegezwa, sumu ndiyo itakayokataliwa kwanza, na ikiondolewa, upinde mwepesi wa Mbeere haumfai tena nguruwe: kigumba chake ni chembamba mno kumtoa damu ya kutosha. Atakayetaka kuwinda itabidi aanze upya na hesabu ya Mmarekani, moyo au mapafu, kwa upinde mzito ambao babu yake hakuuhitaji.